Majani ya viazi vitamu si chakula cha mbuzi peke yake

GISENYI — Katika mji huu wa kando ya Ziwa Kivu, mmea mmoja una majina mawili. Upande wa Rwanda, mashina ya kiazi kitamu huitwa imigozi, na mara nyingi huishia kwa mbuzi na nguruwe. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, majani yake huitwa matembele, nayo ni mboga inayopendwa mezani.

Tofauti hiyo si ya ladha tu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2019-20 ulionyesha kuwa watoto 33 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini Rwanda wamedumaa. Mboga inayoota karibu na jiko haifai kumpita mtoto ikaenda moja kwa moja zizini.

Serikali ya Rwanda huhimiza kila kaya iwe na akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni. Kiazi kitamu hakihitaji nafasi kubwa: tuta dogo kando ya ukuta au gunia la udongo hutosha. Wapo wanaopanda aina zenye majani ya zambarau kama maua. Hizo nazo ni viazi vitamu na huliwa, ingawa kiazi chake hakina utamu mwingi. Mche ulionunuliwa kwa wauza maua usiliwe, kwani huenda umepuliziwa dawa.

Anayetafuta lishe achague kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa, chenye vitamini A kwa wingi. Cheupe karibu hakina. Mganda Robert Mwanga ni mmoja wa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuboresha lishe kupitia mazao, viazi hivyo vikiwemo. Nchini Rwanda, kiwanda cha Urwibutso cha Nyirangarama kimevitumia kutengeneza biskuti.

Kupanda ni rahisi. Kata shina lenye afya, urefu wa sentimita 30, ufukie theluthi mbili mvua za Septemba zinapoanza. Wakati wa kiangazi, weka mashina machache kivulini na kuyamwagilia ili mbegu isipotee. Chuma ncha changa kidogo kidogo. Ukiyamaliza majani, viazi havitanenepa.

Jikoni, menya maganda ya vikonyo, osha majani, yachemshe kwa muda mfupi, kisha yaunge kwa kitunguu, nyanya na mawese kama wafanyavyo Goma. Mafuta husaidia mwili kufyonza vitamini A. Ongeza sambaza za Kivu, kiazi cha kuchemsha pembeni, na mlo umekamilika.

Mbuzi naye hatalala njaa: mashina yaliyokomaa yatabaki kuwa yake.