Nyumba ni ya Nani? Haki za Wazazi na za Mkazamwana katika Kolwezi

Neno nyumba katika Kiswahili hutaja jengo, na pia hutaja jamaa wanaokaa humo. Maana hizi mbili hugongana mume anapofariki. Katika Kolwezi, mji ulioasisiwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya shaba, wazazi wazee waliomlea na kumsomesha mwana wao huweza kuiona nyumba yake kuwa tunda la jasho lao. Mjane naye huiona kuwa makao ya watoto wake. Makala haya yanaeleza namna sheria ya Kongo inavyopambanua madai hayo.

Jambo la kwanza ni kumjua mwenye nyumba. Ikiwa kiwanja kimeandikishwa kwa jina la wazazi, hakiingii katika urithi wa mwana wao, hata kama mkazamwana amekaa humo miaka mingi. Vivyo hivyo nyumba ya kampuni: mfanyakazi aliyepewa na Gécamines kwa sababu ya kazi alikuwa mkaaji, si mmiliki.

Ikiwa nyumba ilikuwa ya marehemu, inatawaliwa na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Iwapo wanandoa hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali, nusu ya walichochuma katika ndoa ni ya mjane, wala si urithi. Katika urithi wenyewe, watoto hupata robo tatu. Robo iliyosalia hugawiwa makundi matatu, yaani mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kila kundi hupata sehemu moja ya kumi na mbili. Aidha, kifungu cha 785 humpa mjane haki ya kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake.

Basi wazazi ni warithi halali, lakini fungu lao haliwapi ruhusa ya kumfukuza mjane. Nchini India, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2020 kwamba sheria ya kuwalinda wazee isitumiwe kufuta haki ya mkazamwana ya makazi.

Hata hivyo, haki hizi husimama juu ya maandishi. Mjane ambaye ndoa yake ya kimila haikuandikishwa serikalini hupata taabu kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Nao wazazi wasio na hati ya usajili wa kiwanja hupata taabu iyo hiyo kuthibitisha umiliki wao. Hati hizo mbili zikitafutwa wote wakiwa hai, matanga hayatageuka baraza la mashtaka.