Uso Mwekundu na Kesi ya Mnazi

Hapa Malindi tumezoea kumwita mlevi kila mgeni wa Kitaliano mwenye mashavu mekundu. Huenda ana rosasia, maradhi ya ngozi ya uso. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, uliohusu wanawake 82,737, wanywaji, hasa wa mvinyo mweupe na pombe kali, walipatwa zaidi kidogo. Lakini wengi huugua bila kuonja tone. Tumbaku nayo ni kitendawili: hatari ilizidi kwa walioacha sigara, si kwa wanaovuta. (Wavutaji wasishangilie, mapafu yana kesi yake.) Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha. Shangazi yangu wa Kilifi alihangaika miaka mingi na uso unaowaka, akishauriwa apunguze mnazi. Hajapata kuuonja.