Wapagazi wa Vita Nyanda za Juu Kusini: Nani Aandikwe Kwenye Jiwe? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Wahehe walivyokiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, na jinsi Wajerumani walivyojenga mnara wa kumkumbuka afisa huyo. Leo tunaingia Iringa mjini, kwenye makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Wamelala hapo wanajeshi wa vita vyote viwili vya dunia, na marehemu aliyetambuliwa ana jiwe lenye jina lake, kikosi chake na siku aliyokufa. Sina ugomvi na kazi hiyo, inafanywa vizuri. Ninachodai ni kwamba makaburi hayo yanasimulia kipande kidogo tu cha vita vilivyopita Mbeya na Iringa. Kipande kikubwa kilibebwa vichwani na watu wasio na jiwe hata moja, na deni lao halilipwi kwa sanamu, linalipwa kwa majina.

Tuanze na ramani. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaikamata Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, kisha yakapanda kupitia Njombe na kuingia Iringa tarehe 29 Agosti. Reli haikuwepo, barabara ya magari ilikuwa ndoto, na mbung'o waliwaua punda na ng'ombe wa kukokota mizigo. Kwa hiyo risasi, unga, dawa, hata machela ya majeruhi, vyote vilitegemea shingo ya mtu. Hesabu yenyewe ni ya kikatili. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 anayekula kilo moja kwa siku: akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, chakula cha safari yake kinameza kilo 20, na kwa askari aliye mbele zinafika kilo tano. Ndiyo maana kila bunduki iliyosogea kilomita chache ilidai wapagazi zaidi nyuma yake, na hao nao wakadai wapagazi wengine. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao milioni moja walipitia kazi hiyo Afrika Mashariki yote, na waliokufa ni zaidi ya 95,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na nimonia. Na anayeujua ubaridi wa Njombe mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa kilichompata mtu wa pwani aliyelala nje na blanketi moja, baada ya kula posho iliyopikwa nusu. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hawakuwatendea vyema zaidi.

Kwa nini basi hawakuandikwa? Jibu rahisi ni kwamba vita vilikuwa vurugu na kumbukumbu zikapotea. Jibu hilo lina ukweli kiasi, lakini halitoshi. Taarifa ambayo Tume yenyewe ilitoa Aprili 2021, ikiambatana na kuomba radhi, ilikiri kwamba katika miaka ya 1920 wakubwa wake na watawala wa makoloni waliamua kwa makusudi kuwa Mwafrika atakumbukwa kwa pamoja, kwenye minara ya jumla, bila kaburi wala jina lake. Makaburi yaliyojulikana yaliachwa yamezwe na pori. Taarifa hiyo inakadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni tunda la uamuzi huohuo. Inapendeza, lakini hakuna mjane wala mjukuu anayeweza kuisogelea akaonyesha kwa kidole: huyu ni wetu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kisiasa. Watu hawa, husemwa, walimtumikia mkoloni. Heshima ya Iringa imwendee Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na sasa limo katika makumbusho ya Kalenga. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu mtu akichanganya kumkumbuka marehemu na kuusifu utawala uliomtuma, atakuwa amepotoka. Lakini tuulize: wangapi walijitolea? Wengi walikusanywa kwa nguvu kupitia machifu na majumbe, na waliotoroka walisakwa. Aliyelazimishwa kubeba mzigo wa vita visivyo vyake alionja ukoloni mgongoni mwake. Kumwacha nje ya kumbukumbu kwa kosa la kulazimishwa ni kumwadhibu mara ya pili. Tena tusijifanye watakatifu. Pale Lugalo walioshinda ni Wahehe, na tunamtaja Mkwawa, pengine na ndugu yake Mpangile. Wale vijana wenye mikuki walioanguka siku ile nani kati yetu anawataja?

Wapo wanaosema majina hayapatikani. Hapa ushahidi unawapinga. Baada ya vita kulizuka mvutano mrefu kati ya utawala wa Nairobi na wakubwa wa London kuhusu mishahara ya wapagazi ambayo haikuchukuliwa, mingi ikiwa ya waliokufa. Huwezi kugombania mshahara wa mtu ambaye hukumwandika. Mwezi Januari 2025 Cape Town ilizindua kumbukumbu ya watu 1,772 wa vikosi vya kazi, wengi wao Waafrika weusi wa Afrika Kusini, waliokufa katika vita hivyo barani Afrika bila kaburi linalojulikana. Kila mmoja ana nguzo yenye jina lake. Kama daftari zao zilipatikana baada ya miaka mia moja, za wapagazi waliopita Tukuyu na Njombe zinastahili kutafutwa London, Zomba, Lusaka na Dar es Salaam kabla hatujatangaza kwamba hazipo. Suala la gharama ni dogo: kuajiri watafiti wachache wa nyaraka ni nafuu kuliko sanamu moja ya shaba.

Sehemu ya tatu itaangalia Vita vya Pili vya Dunia, ambapo Tanganyika ilitoa wanajeshi wapatao 87,000. Waafrika wa Mashariki waliofia Burma na kukosa kaburi wameandikwa majina kwenye mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon. Tutauliza nini kilibadilika katika miaka ile 20 na ushee, na kwa nini mabadiliko hayo hayakurudi nyuma kuwafikia wapagazi.