Kemia ya Maji Yetu (Sehemu ya Pili): Kwa Nini Tope Lingine Halitulii

Masika yanapochanganya, mito ya Chania na Thika hushuka kutoka milima ya Nyandarua ikiwa imebeba udongo mwekundu wa mashamba. Ukiyaacha maji hayo ndani ya ndoo usiku kucha, asubuhi utakuta mchanga na tope zito vimetuama chini, lakini maji ya juu bado yana wekundu hafifu ambao hautoki hata siku ya tatu. Ndani ya wekundu huo mna kitu cha tatu kisichoonekana kabisa, nacho ni chumvi za madini zilizoyeyuka. Ndoo moja basi ina suspensheni, koloidi na myeyusho kwa pamoja. Hoja yangu ni kwamba kinachovitenganisha vitatu hivyo hasa ni ukubwa wa chembe, na kwamba asiyeuzingatia ukubwa huo atakosea namna ya kuyasafisha maji yake.

Chukua punje ya udongo yenye upana wa maikromita 10: hushuka mita moja ya maji yaliyotulia kwa muda wa saa 3 hivi. Yenye upana wa maikromita 1 huhitaji karibu siku 13, kwa kuwa mwendo wa kuzama hupungua kwa kipeo cha pili cha upana. Punje ndogo mara kumi zaidi ingehitaji miaka mitatu na nusu, na kwa kweli haifiki, maana molekuli za maji huigonga huku na huku bila kukoma. Isitoshe, punje za mfinyanzi zina chaji hasi zinazozifanya zisukumane, kwa hiyo hazishikani zikawa nzito. Ndiyo sababu mitambo ya kusafisha maji hutia shabu. Ioni ya alumini, yenye chaji tatu chanya, huziondolea punje hizo uwezo wa kusukumana, nazo hushikana zikawa mabonge yanayotuama au kunaswa na chujio la mchanga. Kwa maneno mengine, shabu huigeuza koloidi kuwa suspensheni.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mipaka ya vitabuni, nanomita 1 na nanomita 1,000, imewekwa na binadamu tu, na kwamba maziwa hayakai upande wowote: laktosi yake imeyeyuka, kaseini ni koloidi, na matone ya mafuta huvuka mpaka wa juu. Ni kweli, maumbile hayakuweka ua. Lakini maziwa hayohayo ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Maziwa mabichi yakikaa, malai hupanda juu, kwa sababu matone mengi ya mafuta yana upana wa maikromita kadhaa. Katika viwanda vya maziwa, mafuta hayo husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia upenyo mwembamba mpaka matone yapungue chini ya maikromita 1. Tangu hapo malai hayapandi kwa urahisi. Mafuta ni yaleyale, hayakuongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika hasa ni ukubwa wa matone, na tabia ikabadilika nao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linagusa afya: kwamba maji yakiwa maangavu na yakachemshwa, yametosha. Kuchemsha huua vijidudu, na hapo sina ubishi. Ila kitu kilichoyeyuka ni kidogo kuliko nanomita 1. Hakituami, hakinaswi na kitambaa wala mchanga, na kinabaki sufuriani maji yanapogeuka mvuke. Floraidi iko hivyo. Visima vingi virefu vya ukanda wa Nairobi na Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkeno yenye madini hayo, na maji yake huwa maangavu kuliko ya mto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita; mtoto anayekunywa maji yaliyozidi hapo kwa miaka huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikipanda sana mifupa pia huathirika. Kuyachemsha kwa muda mrefu huzidisha kiwango hicho, kwa kuwa maji hupungua na floraidi haipungui.

Kwa hiyo, wewe mwenye kisima Ruiru au Thika, usiridhike na uangavu wa maji: peleka sampuli maabara na uombe kiwango cha floraidi kipimwe kabla watoto hawajaendelea kuyanywa.