Mapokeo, Mara Mbili

Mistari miwili katika Biblia ya Mwalimu imepigiwa penseli, lakini si kwa mkono wa umri mmoja. Marko 7:8 aliupigia akiwa kijana, alipokuwa akijiandaa kubishana na Wakatoliki. 2 Wathesalonike 2:15 ameupigia juzi juzi, uzeeni, alipofungua Itifaki ya Biblia, ile faharasa ya maneno yake, akitafuta neno jingine kabisa. Mwinjilisti huyu mstaafu wa Magomeni, Kilosa, tangu hapo hajatulia.

Neno lililomkamata ni mapokeo. Katika Marko, Yesu anawakemea Mafarisayo kwa kuyaweka mapokeo ya watu mahali pa amri ya Mungu. Katika waraka, Paulo anawaagiza Wathesalonike wayashike mapokeo, yaliyowafikia kwa mdomo na yaliyowafikia kwa maandishi. Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi bado huibeba kwapani Jumapili, imetumia neno lilelile pande zote mbili, na hata kitenzi ni kilekile: kushika. Kigiriki nacho kina neno moja, paradosis. Anayesoma Habari Njema ya 1996 hatalikuta kwa Wathesalonike, atakuta mafundisho. Yaani atapita salama pale alipojikwaa Mwalimu, na pengine ni heri kujikwaa.

Kwa mdomo! Hapo ndipo Mwalimu hukaa muda mrefu, kidole juu ya ukurasa. Yale ya mdomo yalikwenda wapi? Yaliingia yote kwenye nyaraka? Mkatoliki atamjibu kuwa Kanisa limeyatunza, na Mtaguso wa Trento ulitamka hivyo mwaka 1546. Mwalimu hakubali. Waliomsikia Paulo wamekufa, anasema, kilichobaki ni karatasi. Na Kanisa likipotoka, nani atalirudi kama si Maandiko? Luther alisimama hapohapo mbele ya baraza la Worms mwaka 1521. Mwalimu naye anasimama hapo bila kupandisha sauti, na ni vigumu kutomheshimu.

Wanaomnyima usingizi ni majirani wanaokubaliana naye. Msabato anashika Biblia hiyohiyo na kumdai andiko lililohamisha Sabato kwenda Jumapili. Mlokole anadai andiko la kumnyunyizia mtoto mchanga maji machache, ilhali yeye alizamishwa kwenye maji mengi. Wote wanasema Maandiko peke yake. Kwa macho ya Msabato, mshika mapokeo ni Mwalimu, na maneno aliyowaambia Wakatoliki ujanani sasa anaambiwa yeye.

Halafu kuna ukurasa wa yaliyomo. Biblia yake ina vitabu 66, ya katekista wa Kikatoliki ina 73, na hakuna mstari katika yoyote kati ya hizo mbili unaotaja hesabu iliyo sahihi. Orodha ya kale inayojulikana zaidi yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, ni ya Athanasio wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Mwalimu ana jibu: sonara huitambua dhahabu, haifanyi kuwa dhahabu. Jibu zuri. Kisha, bila kuulizwa, anaongeza kwamba hata sonara alifundishwa na mtu.

Wilaya ya Kilosa nayo iliyapokea haya ya dini kwa kusikia. Kufikia 1880 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa Mamboya, kwa Wakaguru, watu ambao walianza kulisikia Neno kabla ya kulisoma. Bibi yake Mwalimu hakujua kusoma. Sala alizikariri kutoka kwa waliomtangulia, akamfundisha mjukuu jikoni, na mjukuu aliamini kabla hajaijua herufi a. Je, kilichomfikia bibi kilikuwa Maandiko, au mapokeo? Mwalimu anaifunga Biblia, kisha anaifungua tena.

Pembeni mwa Wathesalonike ameandika kwa penseli: Marko 7. Pembeni mwa Marko bado hajaandika kitu.