Je, Ushauri Nasaha Unakusaidia? Jipime Mwenyewe

Malaria ikitibiwa homa hushuka, na kipimajoto huonyesha. Kidonda kikipona kila mtu hukiona. Lakini mtu anayetibiwa sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito ambao wengi wetu huku Kibiti na Rufiji huuita tu "mawazo", atajuaje kwamba anapata nafuu? Wapo wanaokuja kuzungumza na mshauri mara mbili tatu, hawaoni badiliko, wanaacha. Wapo wanaoacha kwa sababu wamelala vizuri usiku mmoja. Sisi wauguzi tunawakosa wote hao, na baadhi yao hurudi wakiwa wamezidiwa.

Sababu za mawazo hatuhitaji kuzitafuta mbali. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba katika Wilaya za Rufiji na Kibiti. Zipo pia familia zilizofiwa katika mauaji ya mwaka 2017. Mambo kama hayo hayaishi moyoni siku maji yanapopungua au matanga yanapoanuliwa.

Kipimo kinachotumika sana kwa sonona ni maswali tisa yaitwayo PHQ-9, yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001. Yametafsiriwa kwa Kiswahili na hayalipiwi. Yanauliza habari za wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kuhangaika kupita kawaida, na mwisho mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama jambo halikukupata kabisa unajipa 0. Likikupata siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, na karibu kila siku ni 3. Ukijumlisha, namba ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 10 kwenda juu inafaa uonane na mhudumu wa afya, na kuanzia 20 hali ni nzito. Siku hizi mwenye simu yenye intaneti huweza kuyajibu humo, na simu ikamjumlishia. Zipo pia programu zinazokuuliza kila siku unajisikiaje, kisha zinachora mstari unaopanda na kushuka.

Namba hiyo si hukumu, wala haitoshi kusema kwamba mtu ana sonona. Uchovu na kukosa hamu ya chakula huletwa pia na malaria, upungufu wa damu au kifua kikuu, na mama aliyejifungua juzi hukosa usingizi hata akiwa na furaha tele. Ndiyo maana tunapima na damu. Kazi kubwa ya namba ni kukulinganisha wewe na wewe mwenyewe, siyo wewe na jirani.

Tuchukue mfano wa mama aliyeanza na 17. Baada ya wiki mbili ana 14, kisha 15, kisha 11, kisha 9. Alipopata 15 angeweza kukata tamaa na kusema dawa na maneno yote ni bure. Lakini akitazama swali moja moja ataona kwamba hamu ya kula imerudi na hajioni tena kuwa mzigo. Kilichopanda ni usingizi, kwa sababu wiki hizo alikuwa analala kwenye dungu kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Ugonjwa haukurudi. Kwa kawaida namba ikishuka kwa 5 au zaidi tunahesabu kuwa ni nafuu ya kweli. Ikikaa palepale kwa wiki nyingi, si kosa la mgonjwa. Ni ishara kwamba sisi tubadili kitu, pengine dawa, pengine namna ya mazungumzo. Mgonjwa asiyetuambia namba anatuacha tukikisia. Na aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa amefika 4: dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na huendelea kumezwa miezi kadhaa baada ya nafuu.

Ndugu zetu wa Zimbabwe wametufundisha mengi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwatumia bibi wa mitaani huko Mbare, Harare, wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao. Wao hutumia maswali 14 yaliyotungwa kwa lugha yao ya Kishona, ambamo ugonjwa huu huitwa "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Tazama jinsi lilivyo karibu na neno letu! Mpango huo ulifika baadaye hadi Zanzibar.

Kuhusu simu tunayo maoni yetu. Nyumba nyingi zina simu moja ambayo baba, watoto na shemeji wote huishika, na majibu ya maswali haya ni siri. Programu nyingine haisemi majibu yako yanahifadhiwa wapi, nyingine inaomba pesa, nyingine inakuelekeza ununue dawa, hizo ziacheni. Wala usipeleke namba zako kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, hata kwa nia ya kuombewa. Sisi tunapendelea daftari la shule: tarehe, namba za maswali yote tisa, jumla, na neno moja kuhusu wiki hizo, kwa mfano "msiba" au "mavuno". Halihitaji mtandao wala chaji. Asiyejua kusoma atasomewa na muuguzi faraghani.

Swali la tisa tunalitenga na mengine yote. Jibu likiwa lolote isipokuwa 0, hata kama jumla ni ndogo, usingoje wiki mbili. Njoo siku hiyohiyo, au nenda zahanati iliyo karibu. Nanyi wa nyumbani, msimwache peke yake, ondoeni dawa za shambani na kamba, wala msimkemee kwamba amekosa imani. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwa kuulizwa.

Tunajua anayetoka Salale au Mbwera hungoja maji yajae ndipo chombo kiondoke, na mara nyingine siku ya miadi hupita. Basi aendelee kujibu maswali kila baada ya wiki mbili hukohuko aliko, na atakapopata usafiri aje na daftari lake lote, pamoja na zile wiki zenye namba mbaya.