Mwakilishi wako akipiga kura, anampigia nani?

Katika baraza nyingi za wananchi hapa Uriri kuna lalamiko ambalo halikosi kusikika, hasa wakati wa bajeti: "Huyu tulimtuma sisi. Mbona amepiga kura upande ule?"

Jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu sheria haikumpa mwakilishi bwana mmoja.

Tuanze na mwakilishi wadi. Uriri ina wadi tano, yaani Kanyamkago Magharibi, Kaskazini, Kati, Kusini na Mashariki. Kila moja humchagua mtu mmoja kwenda Bunge la Kaunti mjini Migori, ambako hukutana na wenzake 39 waliochaguliwa, pamoja na wale walioteuliwa kutetea makundi kama vijana na watu wenye ulemavu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka awe karibu na wapiga kura wake, ashauriane nao kuhusu mambo yanayojadiliwa, na afikishe maoni yao bungeni. Kufikisha maoni ni jambo moja, kuyatii ni jingine. Hakuna mahali sheria hiyo inasema ni lazima apige kura jinsi alivyoagizwa.

Na hata angetaka kutii, angemtii nani? Tuseme mswada wa fedha wa kaunti unapendekeza kuongeza ada ya soko. Mama mboga anataka mswada huo uangushwe. Mgonjwa anayekosa dawa katika zahanati ya wadi hiyohiyo anahitaji pesa ambazo ada hiyo ingeleta. Wote wawili ni wapiga kura wake, na huenda ni mtu yuleyule mmoja.

Kwa mbunge mambo huwa magumu zaidi. Kifungu cha 95 cha Katiba kinasema Bunge la Taifa linawakilisha watu wa maeneobunge, lakini sheria linazopitisha zinamfunga Mkenya wa Mandera sawa na wa Oyani. Fikiria Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007, iliyolenga kulinda afya za Wakenya wote. Katika eneo kama letu, ambako familia nyingi zimelipa karo kwa pesa za tumbaku, mbunge aliyeuangalia mswada ule aliona mapafu ya taifa upande mmoja na mifuko ya wakulima wake upande wa pili.

Mvutano huu ni wa zamani. Mwaka 1774 Edmund Burke, alipochaguliwa kuwakilisha mji wa Bristol huko Uingereza, aliwaambia wapiga kura wake waziwazi kwamba atawasikiliza kwa heshima lakini uamuzi utatokana na akili yake mwenyewe. Kufikia 1780 alikuwa amewaudhi kiasi kwamba alijiondoa katika kinyang'anyiro cha kiti hicho.

Burke hakuwa na chama kinachoweza kumfukuza kama vyama vya leo. Septemba 2023, ODM ilitangaza kuwafukuza seneta mmoja na wabunge wanne waliochaguliwa kwa tiketi yake, kwa kuwa walishirikiana na serikali kinyume na msimamo wa chama. Utetezi uliosikika upande wao ulikuwa kwamba walikuwa wakiwatafutia watu wao maendeleo. Msomaji ataamua mwenyewe nani alikuwa na haki, lakini tukio hilo linaonyesha kwamba mbunge akipiga kura, chama pia kinamtazama.

Katika Seneti, Katiba ilijaribu kupunguza utata. Kwa masuala yanayohusu kaunti, kifungu cha 123 kinaipa kila kaunti kura moja tu, na kiongozi wa ujumbe huipiga baada ya kushauriana na maseneta wengine wa kaunti hiyo. Mwaka 2020 tuliona maana yake. Mjadala wa fomula ya kugawa fedha kwa kaunti ulikwama vikao kadhaa, kwa sababu maseneta waliona kaunti zao zingepoteza mabilioni na wakakataa kufuata vigogo wa vyama. Mwafaka ulipatikana tarehe 17 Septemba, baada ya kukubaliana kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa mgao.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na kwangu ndilo zito zaidi. Kura nyingi bungeni hupigwa kwa sauti. Spika huuliza wanaounga mkono waseme ndiyo na wanaopinga waseme la, kisha anaamua upande upi umeshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Kwa kawaida majina huandikwa pale wajumbe wa kutosha wanapodai kura ihesabiwe mmoja mmoja. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106. Wananchi walisoma majina siku hiyohiyo. Siku iliyofuata, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha, Rais alikataa kuutia sahihi, na baadhi ya wabunge waliokuwa wamesema ndiyo waliwaomba radhi wapiga kura wao. Kura ingekuwa ya sauti, tusingejua nani anapaswa kuomba radhi.

Kwa hiyo muda mzuri wa kumfikia mwakilishi wako ni kabla ya kura. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Tangazo la kikao cha maoni likitoka, omba nakala ya mswada, fika na useme, au andika barua kwa Karani wa Bunge la Kaunti, Migori. Barua isemayo "tunakataa mswada wote" haina mahali pa kushikwa na kamati. Taja namba ya kifungu, eleza kitakugharimu nini wewe na biashara au shamba lako, kisha andika maneno ambayo ungependa yawekwe badala yake. Mpe mwakilishi wako nakala, na umwombe adai kura ya majina mswada huo utakapofika mwisho.